Jina Huitwa Mara Moja

Mwalimu aliita jina mara moja tu. Kila asubuhi alisimama mbele ya darasa lake la gredi ya pili pale Kibarani, rejista kwenye kiganja cha kushoto, kalamu mbili mkono wa kulia, moja ya buluu na moja nyekundu, akaanza: jina, kimya kidogo, jina, kimya kidogo. Wasichana waliitika "Abee", wavulana "Naam". Aliyeitika alipata alama ya buluu. Asiyeitika alipata sifuri nyekundu, na sifuri ile haikufutwa hata kama mtoto mwenyewe ameketi pale mbele, sare imepigwa pasi, macho yamemtoka.

"Jina lako naliita mara moja," alikuwa akiwaambia. "La pili ni sadaka, na mimi sadaka natoa kanisani, sitoi darasani."

Mwanangu Riziki alikusanya sifuri hizo kumi na tisa kabla miye mamake sijajua lolote.

Watu wa mtaani mpaka leo huniuliza kama nimemsamehe Mwalimu. Wananijua. Miye ni mtu wa hasira, sifichi. Kwenye londri ya hoteli kule Bofa, ninakofanya kazi, wenzangu waliniita Pilipili tangu wiki ya kwanza. Basi wakiniuliza huwaambia wakae chini niwaeleze yule mama alikuwa mtu wa namna gani, kisha wajijibu wenyewe.

Alitembea na mwavuli wa buluu, jua liwe kali au mawingu yawe mazito. Viatu vyake vilikuwa vyeusi vya kufunga kamba, na sijui alivifanyaje, maana vumbi la Kibarani halichagui, lakini vyake vilifika shule vinang'aa. Ukimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," alijibu "Marahaba" kamili, yenye uzito wake, halafu macho yakashuka kwenye nguo yako. Nimewahi kuona mwanamume mzima, baba wa watoto wanne, anafunga kifungo cha shati kwa sababu Mwalimu amemtazama.

Hakuwahi kumchapa mtoto. Hilo lazima niliseme mapema, kwa sababu ya mengine nitakayosema baadaye. Watoto walimwogopa kuliko walimu waliokuwa wakali kwa mikono, na yeye hata sikio la mtoto hakulivuta. Alinyamaza tu. Darasa lake lilikuwa na watoto hamsini na watatu, paa la mabati, dirisha lisilo na kioo linaloelekea barabara ya lori za mchanga, na bado ukipita nje ulisikia sauti moja tu, yake. Wakinong'ona, alifunga kitabu akatazama ukuta mpaka wachoke wenyewe.

Na mtu huyohuyo alibeba sindano na uzi kwenye mkoba. Mtoto akija na kifungo kimeng'oka, alimsimamisha mlangoni akamshonea huku anamgombeza, "Mamako hana macho? Simama wima, nisikuchome." Mabuyu aliyowanyang'anya wakati wa somo aliyafunga kwenye vipande vya karatasi, kila kimoja na jina la mwenyewe, na Ijumaa saa ya kwenda nyumbani akarudisha vyote. Hata bonge moja halikupotea. Riziki aliniambia kuwa aliwahi kurudishiwa hata mbegu alizokwisha kuzinyonya, zimekaushwa, zimefungwa vizuri. Haki yake ilikuwa ya namna hiyo, haikuacha kitu.

Sasa Riziki. Babake anafanya kazi Mombasa, huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo malezi yalikuwa yangu na lawama pia zilikuwa zangu. Alfajiri, kabla jirani hajawasha redio, mtoto yule alikuwa kasuku. Alikusimulia ndoto nzima bila kuacha kitu. Jua likipanda, kuku wakianza, watoto wa jirani wakianza, redio ikianza, Riziki alipotea. Nilimwita kutoka jikoni, kimya. Nikaita tena, kimya, na ninamwona mgongo wake pale uani, hatua kumi. Nilimtuma, "Nenda kwa Mama Dama ukachukue ungo, pitia dukani ununue chumvi, ukirudi funga banda la kuku." Alirudi amefunga banda la kuku. Ungo hana, chumvi hana, na uso umejaa imani kwamba amemaliza kazi.

Mtu wa bara labda angeona ni utoto tu. Kwetu hapana. Miye nimezaliwa Malindi, mitaa ya zamani, na nimelelewa hivi: msichana akiitwa asiposema "Abee", kamtukana aliyemwita, na kamvua nguo mamake aliyemlea. Shangazi zangu walipokuja, mtoto asipowaitika, waliniangalia miye. Basi nikaanza kuitika kwa niaba yake. Mtu akimwita Riziki, miye ndiye nasema "Abee, anakuja," halafu naenda kumfinya.

Siku nilipoitwa shule, nilidhani ni mambo ya sare.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Riziki. Keti." Akafungua rejista, akaigeuza nione. "Mtoto wako siku kumi na tisa muhula huu hakuja shule."

"Astaghafirullah! Mwalimu, mimi humleta mwenyewe mpaka langoni!"

"Mwili umekuja," alisema. "Yeye hakuja."

Nikamwuliza ni rejista ya namna gani hiyo inayomwandika mtoto aliyekaa deski ya tatu kuwa hayupo. Hakupandisha sauti. Alisema rejista yake imeandikwa hivyo miaka yote na wasichana waliotoka mikononi mwake leo ni wauguzi na makarani. Kisha akasema neno lililoninyima usingizi.

"Ama hasikii, ama hataki. Ikiwa hasikii, hapa si pake, kuna shule za watoto hao. Ikiwa hataki, vilevile hapa si pake. Kapime masikio, uniletee karatasi. Muhula ukiisha, deski ile nampa mtoto mwingine."

Shule alizozisema ni za bweni. Riziki alikuwa na miaka saba, bado analala ameshika ncha ya leso yangu.

Nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka Malindi, hospitali. Mpima masikio alikuwa kijana mpole. Alimvika Riziki vile vidude vya masikioni, akamfungia ndani ya chumba kidogo kisichopitisha sauti, akamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Miye natazama kwenye kioo. Mkono ukapanda. Ukapanda tena. Milio iliyokuwa hafifu kiasi kwamba kijana mwenyewe alikuwa anaiona kwenye mashine tu, mkono ukapanda.

"Mama, mshukuru Mungu," aliniambia. "Masikio ya mtoto ni mazima. Anasikia kuliko mimi."

Mama mwenye akili zake angeshukuru kweli. Miye niliona kiza. Kama masikio ni mazima, basi miaka yote hii mtoto huyu ananifanyia makusudi! Shangazi walikuwa na haki, Mwalimu alikuwa na haki, na miye ndiye mjinga niliyekuwa nikiitika kwa niaba ya kiburi. Tulifika langoni mwa hospitali, watu wamejaa, boda wanapiga honi, mwanamke anauza maembe ya kukatwa. Nikamwita Riziki tuvuke barabara. Hakuitika. Nikamzaba kofi la shavu mpaka kitambaa cha kichwa kikamteleza.

"Mazima!" nilimpigia kelele. "Masikio mazima! Mazima!"

Hakulia. Alinitazama mdomo. Yule mwanamke wa maembe aliacha kukata, kisu hewani, nami nikamwambia mambo yasiyomhusu ayaache. Babake Riziki nilimwambia kuwa mtoto alipimwa vizuri. Kofi sikumwambia yeye wala mtu mwingine yeyote.

Mwalimu aliisoma karatasi ya hospitali mara mbili, akaikunja.

"Basi tumejua," alisema. "Si ugonjwa. Una wiki tatu."

Wiki hizo nyumba yangu ilikuwa kambi. Namwita kutoka jikoni, namwita kutoka chooni, namwita kutoka kwa jirani, kila asipoitika namfinya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama. Usiniulize nilikuwa nafikiri nini, kwa sababu nilichofikiria kilikuwa kimoja tu, deski ile ya tatu.

Aliyenizindua ni Mama Dama, jirani yangu, ambaye pia tunafanya kazi pamoja londri. Jumamosi Riziki huja nami Bofa kwa sababu hakuna wa kumwachia. Kule kuna mashine nne za kufulia na mbili za kukaushia, na zikizunguka zote husikii hata mawazo yako. Jumamosi hiyo nilikuwa nanung'unika kwake, mdomo kwenye sikio lake, kwamba mtoto haitiki, nifanyeje.

"Haitiki wapi?" Mama Dama akashangaa. "Mbona hapa anaitika? Nimemtuma foronya, kaleta. Nimemtuma namba za vyumba, kaleta. Huyu ndiye mfanyakazi wangu bora."

Niligeuka nikatazama. Na wallahi nilitazama kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza. Londri hakuna anayeita. Ukimtaka mwenzio, unakwenda unamgusa bega. Unangoja akuangalie. Ndipo unasema neno, moja, mawili, na mkono unaonyesha: foronya, kumi, pale. Tulizoea zamani bila mtu kutufundisha, kwa sababu ya zile mashine. Na mwanangu alikuwa katikati ya kelele ile, anacheka, hakosei kitu. Kelele ilimpoteza uani kwangu, lakini pale ilikuwa kubwa mara kumi na bado hakupotea, kwa sababu hakuna aliyetegemea masikio yake.

Jumatatu nikarudi Malindi. Kijana mpole akanisikiliza, akaenda kumwita mwenzake, mama mmoja wa makamo anayefundisha watoto kusema. Huyo hakutumia milio. Alimsomea Riziki maneno ndani ya kimya, Riziki akayarudisha yote. Kisha akawasha sauti za watu wanaoongea, kama sokoni, akasoma maneno mengine nyuma ya karatasi, mdomo umefichwa. Riziki akarudisha mawili. Mengine yote alinyamaza, akaanza kutafuna kola.

"Masikio yanapokea," yule mama alinieleza. "Shida iko mbele ya hapo, pale ubongo unapotakiwa kuchambua: hii ni sauti ya mama, hii ni lori, hii ni jirani. Kwake zote zinafika kwa nguvu moja. Na ukimpa maagizo matatu kwa mkupuo, linabaki la mwisho. Hakufanyii makusudi. Kila siku huyu mtoto anachoka kuliko wenzake wote."

Nilimwelewa kwa lugha ya kazini kwangu. Siku moja mfanyakazi mgeni alileta nguo za hoteli nzima kwenye lundo moja, kazitoa zote namba za vyumba. Nguo zilikuwepo, hata soksi moja haikupotea. Lakini ilituchukua kutwa nzima kujua hii ni ya nani, na wageni wanapiga simu wanasema sisi ni wavivu. Mwanangu alikuwa anaishi ndani ya lundo hilo kila siku, nami ndiye niliyekuwa nikipiga simu kumwambia ni mvivu.

Yule mama akaandika karatasi: mtoto akae mbele, mbali na dirisha, aguswe kabla ya kuitwa, aone uso wa anayesema, maagizo yawe mafupi na yaandikwe ubaoni. Nilitoka na karatasi ile kifuani kama hati ya shamba.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama. Nilimwona inamwingia, nakuapia. Kalamu ilisimama. Kisha akajikaza.

"Karatasi hii haijawahi kufundisha watoto hamsini na watatu," alisema. "Nikimgusa mmoja, hamsini na wawili watataka kuguswa. Hapa si kliniki, Mama Riziki. Mwisho wa muhula ni Ijumaa."

"Mwalimu, mtoto hana kosa!"

"Sikusema ana kosa. Nimesema hapa si pake."

Nilimwambia ana moyo wa jiwe. Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba ninaweza kwenda.

Wiki ile aliniita shule mara mbili nikatie sahihi barua ya kuhamisha mtoto, nikajifanya sina nafasi. Nilijua bila sahihi yangu hawezi kumaliza. Alhamisi, ndani ya shughuli, wageni wengi, mashine zote sita zinazunguka, nikaona mwavuli wa buluu kwenye mlango wa londri. Amekuja mwenyewe mpaka Bofa, kwa miguu yake, viatu vinang'aa, bahasha mkononi.

Hakuniona. Nilikuwa nyuma ya kamba za shuka. Alisimama katikati ya chumba, akatazama upande huu na upande huu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwona Mwalimu hajui pa kuweka uso. Mama Dama alikuwa nyuma yake na toroli la taulo, mikono imejaa, anataka kupita.

"Mwalimu!" akaita, nikamsoma midomo. Kimya. "Mwalimu!" Kimya. Akajaza kifua. "Mwalimu-u-u!"

Mwalimu hata kope haikucheza. Mama Dama akanitazama, akabinua mdomo, akatia ishara ya mtu mwenye pua juu, na wanawake wote wakacheka, na Mwalimu aliwaona wanacheka bila kujua wanacheka nini. Uso ule nilikuwa naujua. Ni uso wa Riziki shangazi zangu wakija.

Nilitoka nikamgusa kiwiko. Aliruka, bahasha ikaanguka kwenye maji ya sabuni. Nikangoja anitazame. Kisha nikasema, karibu na uso wake, polepole, kila neno peke yake:

"Umeitwa mara tatu, Mwalimu. Niandike haupo?"

Midomo yake ilifunguka. "Hapa kuna mashine," alisema. Nilimwona tu, sikumsikia.

"Na kwako kuna mabati, na lori, na watoto hamsini na wawili."

Ningemsukuma, au ningempigia magoti, vyote viwili vilikuwa karibu. Aliinama mwenyewe akaiokota ile bahasha. Ilikuwa imelowa, wino unachuruzika. Akaipangusa kwa kanga ya Mama Dama iliyokuwa kwenye toroli, akaitia mkobani, akafungua mwavuli wake humo humo ndani ya londri, kwa kuchanganyikiwa, akaufunga tena, akaondoka. Ijumaa nilimpeleka Riziki shule nikijua ni siku yake ya mwisho. Nilimsuka upya, nikampaka mafuta, nikamwambia achukue vitu vyake vyote.

Alirudi saa tisa na vitu vyake vyote, na usoni ana jambo.

"Mama, leo Mwalimu hakuita."

"Alifanyaje?"

"Alitembea. Kila deski anagonga na chaki, anakungoja umwangalie, halafu ndiyo anasema jina. Wote. Hata Kahindi anayekaa mbele kabisa."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikasema Abee." Akacheka. "Mama, kalamu nyekundu hakuishika."

Muhula uliofuata Riziki alikuwa deski ya kwanza, mbali na dirisha. Barua sikuiona tena. Wala Mwalimu hakunitajia, hakuniomba radhi, hakulegeza hata uzi mmoja. Nikimwamkia, "Marahaba," na macho kwenye kola yangu. Niliambiwa mwalimu mkuu alimlalamikia kwamba mahudhurio sasa yanakula robo ya somo la kwanza, naye akamjibu, "Zamani nilikuwa nahesabu sauti. Sasa nahesabu watoto. Watoto wanachukua muda."

Lakini lililoniacha hoi ni malapa. Alianza kuonekana Jumapili baada ya kanisa ufukweni Bofa, mwavuli mkono mmoja, gunia mkono wa pili, anaokota malapa ya mpira yaliyotupwa na bahari. Yule mama wa viatu vinavyong'aa! Walinzi wa hoteli wakamcheka, wakasema uzee umemwingia ghafla. Kumbe alikuwa anakata soli zake vipande vipande na kuvipigilia misumari chini ya miguu ya madeski, ili yasikwaruze sakafu. Madeski yote, siyo la Riziki tu. Siku niliyokwenda shule kuchukua ripoti, mtoto alisogeza deski mbele yangu na sikusikia chochote. Nilitoka nje nikalia kidogo, kisha nikajifuta nikaenda kazini. Kumshukuru nilishindwa, maana bado nilikuwa na hasira.

Na hasira ile niliilisha miaka. Kila mtu alipouliza habari za Riziki, nilisimulia rejista, sifuri, bahasha, na Mwalimu alikuwa ndiye mbaya wa hadithi kila mara. Nilisimulia vizuri sana. Mama Dama alipenda nilipofika pale pa "Niandike haupo?"

Mwalimu alistaafu akarudi kwao Vitengeni kulima. Mwaka huu, Riziki akiwa gredi ya tisa, Mwalimu alitutumia ujumbe kwa mtu: mje, na mtoto aje. Tulimkuta upenuni kwake ameketi kwenye kigoda, anapukuchua mahindi ndani ya ungo. Amekonda. Viatu vya kamba vilikuwa mlangoni, vimepangwa, vinang'aa, lakini miguu yake ilikuwa imevimba na nikajua hawezi kuvivaa tena.

Tulimwamkia, akajibu, akatazama kola yangu kama kawaida yake. Kisha akauweka ungo chini, akanyamaza mpaka Riziki akamtazama.

"Riziki," aliita.

"Abee, Mwalimu."

Akatoa karatasi chini ya leso, imekunjwa mara nne. Ilikuwa ukurasa wa daftari, mwandiko wake uleule ulionyooka, na tarehe kumi na tisa, moja chini ya nyingine.

"Nilizinakili kabla sijakabidhi rejista," alisema. Alisema polepole, uso wote uko kwa mtoto, kila sentensi akingoja ifike. "Siku hizi ulikuwepo. Ulikaa mbele yangu. Mimi niliandika haupo. Nilikuwa nimekosea. Naomba unisamehe."

Riziki huchukua muda kujibu, hata leo. Lazima uache maneno yafike, yapangwe. Nilijua hivyo, na bado ulimi ulinipanda. Nilitaka kusema kwa niaba yake. Nilitaka kusema, amekusamehe, Mwalimu, zamani sana. Nikauma midomo.

Riziki aliisoma ile karatasi mpaka mwisho. Akaikunja vilevile mara nne, akaiweka mfukoni.

"Nimekusamehe, Mwalimu," alisema. "Wewe hukunigusa kwa ubaya hata siku moja." Kisha, bila hasira, kwa sauti yake ya alfajiri, "Mama bado hajaniomba."

Mwalimu aliinamisha macho kwenye mahindi. Langoni pa hospitali palinijia pote, honi za boda, kisu cha yule mwanamke hewani, kitambaa cha kichwa. Miaka saba nimesimulia habari za Mwalimu kwa kila aliyetaka kusikiliza, na mtoto amekaa kando, ananitazama mdomo.

Riziki alikuwa amegeuka anatazama barabara. Nilisogea. Nikamgusa bega, nikangoja anitazame.